Vumbi la mawe na haki ya fidia

Mchonga mawe anayekohoa miaka nenda miaka rudi na kuhema akipanda ngazi huenda ana silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe. Hauna tiba ya kuuondoa, na mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2007 inatambua pia maradhi yatokanayo na kazi. Aliyelemaa kabisa hukadiriwa mshahara wa miezi 96. Aliyepungukiwa kiasi hupata sehemu yake.

Lakini daktari hawezi kuandika asiloambiwa. Mweleze ulifanya kazi gani, wapi na kwa miaka mingapi, hata kama uliacha zamani. Pigwa eksirei, upimwe pumzi, kisha umwarifu mwajiri na ofisi ya usalama kazini. Usikawie: madai yana muda wake.