Je, Wajua? Damu Iliyojificha Tumboni Huonekana Barabarani

Je, wajua kwamba mhudumu wa ambulensi anaweza kugundua damu inayovujia tumboni kabla majeruhi hajafika hospitali? Anachohitaji ni kifaa kidogo cha ultrasaundi, na vingine huunganishwa na simu tu. Hupaka jeli, kisha hutazama sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya wengu na figo ya kushoto, kuzunguka kibofu, na kwenye mfuko wa moyo. Damu iliyovuja huonekana nyeusi.

Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2006, kipimo hiki kilitangulia kile cha hospitalini kwa wastani wa dakika 35. Kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano, kilibadilisha hospitali ya kumpeleka. Hapo ndipo penye uzito wote: anayevuja damu ndani anahitaji chumba cha upasuaji, si kituo cha karibu tu.

Kujifunza kushika kifaa hakuchukui muda mrefu. Kazi ni kulizoeza jicho. Mkojo nao huonekana mweusi, na damu kidogo huenda isionekane kabisa, hivyo picha safi haithibitishi usalama. Wala kipimo kisicheleweshe safari. Kinaweza kufanywa gari likiwa njiani.