Kishikwambi kwa Bei ya Haki: Hesabu ya Mnunuzi wa Bugwema

Bugwema ni bonde la wakulima na wafugaji katika Mkoa wa Mara, mahali zinapokaribiana wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, si mbali na Ziwa Viktoria. Kwa jamaa nyingi za huko, fedha ya kununulia kompyuta haitoki katika mshahara wa mwezi. Hutoka katika pamba, mihogo, samaki au mnyama aliyeuzwa mnadani, na hupatikana mara moja kwa msimu. Ikipotea kwa kununua chombo kibovu, huenda mwanafunzi wa kidato cha tatu asipate kingine hata amalize kidato cha nne. Kwa sababu hiyo, ununuzi wa kishikwambi unastahili kufanyiwa uchunguzi na hesabu.

Kishikwambi ni kompyuta bapa, mfano wa kibao, ambayo huendeshwa kwa kugusa kioo chake kwa kidole. Watanzania wengi walikizoea katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambapo makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiandika majibu ndani ya vishikwambi badala ya karatasi. Baada ya sensa, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Tangu hapo wazazi wengi wamejiuliza kama nao wawanunulie watoto wao. Swali wanaloanza nalo kwa kawaida ni, “Bei gani?” Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza.

Kazi kwanza, chombo baadaye

Historia ya kompyuta nchini Tanzania ina funzo linalofaa hapa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta ulikwenda kombo, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye. Kilichokosekana zaidi kilikuwa matayarisho na wataalamu wa kutosha. Mashine ilitangulia, na mpango wa kazi ukawa nyuma yake.

Kosa hilo linaweza kurudiwa na mtu mmoja kwa fedha kidogo. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kuandika kwanza kazi anazozikusudia. Mwanafunzi atataka kusoma vitabu vya kiada, ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika Maktaba Mtandao, kupitia mitihani ya miaka iliyopita, na kutazama majaribio ya kemia yaliyorekodiwa. Mwalimu atataka pia kuandaa maazimio ya kazi na kujumlisha alama. Kazi hizi hazihitaji kishikwambi cha gharama kubwa. Zinahitaji kioo kinachosomeka bila kuumiza macho, chapa cha inchi 8 hadi 10, nafasi ya kuhifadhi vitabu, na betri inayodumu. Kamera ya ajabu na uwezo wa kuchezesha michezo mizito ni vitu anavyolipia mnunuzi pasipo kuvitumia.

Namba zilizo juu ya boksi

Boksi la kishikwambi huwa na namba nyingi, na mbili ndizo za kutazamwa kwanza. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo madukani huitwa RAM. Hiyo ni kama meza ya mwanafunzi: ikiwa ndogo, vitabu viwili havifunguki kwa pamoja, na chombo huwa kizito. Namba ya pili ni hifadhi, ambayo ni kama kabati la vitabu. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti, yaani GB, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kishikwambi chenye “GB 64” kina kabati la 64, lakini meza yake huenda ni ya 2 tu. Kwa kazi za shule, meza ya GB 3 au 4 inafaa.

Mara nyingine boksi huandikwa “4+4”. Maana yake ni kwamba kumbukumbu halisi ni GB 4, na GB 4 nyingine zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi. Mnunuzi ahesabu 4, asihesabu 8.

Hata namba ya kweli huonekana kupungua. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini mashine nyingi huhesabu kwa vipeo vya 2, yaani baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo hifadhi ya GB 32 huonyeshwa kama 29.8 hivi, na programu endeshi nayo huchukua sehemu yake. Huo si wizi. Tuseme zimebaki GB 15, na kila kitabu kinachukua megabaiti 50. Vitabu 100 vitachukua GB 5 tu. Hifadhi hiyo inatosha.

Wizi upo mahali pengine. Kuna vifaa ambavyo programu yake imebadilishwa ili itaje hifadhi kubwa kuliko iliyopo. Kifaa husema kina GB 256, lakini nafasi ya kweli ikijaa, mafaili mapya huandikwa juu ya yale ya zamani. Dawa ni kukijaribu: kunakili ndani yake mafaili mengi makubwa, kisha kuyafungua yote, la kwanza hadi la mwisho. Hifadhi ya uongo haiwezi kurudisha kile ambacho haikukiweka.

Betri na jua

Katika kaya isiyo na umeme wa uhakika, betri ndiyo moyo wa chombo. Nguvu yake huandikwa kwa miliampea-saa, kwa kifupi mAh. Betri ya mAh 5,000 ni sawa na ampea-saa 5. Zikizidishwa kwa volti 3.7, hupatikana wati-saa 18.5. Kishikwambi kinachotumia wati 3 kitafanya kazi kwa muda wa saa 6 hivi. Paneli ndogo ya jua inayotoa wati 7 kwa kweli itahitaji karibu saa 3 za jua zuri ili kuijaza betri hiyo, maana nguvu nyingine hupotea njiani kwa joto.

Njia hii imekwisha kujaribiwa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, watoto walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Ilibidi vijengwe pia vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Mwezi Mei mwaka 2019 zawadi ya dola za Marekani milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Vituo vile vya kuchajia vinaonyesha kwamba chanzo cha umeme ni sehemu ya bei ya kishikwambi.

Ikumbukwe pia kwamba betri za lithiamu huchakaa. Baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500, nyingi hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake wa awali, na joto huharakisha uchakavu huo. Paneli na ikae juani, lakini kishikwambi kikae kivulini.

Bei ya mwaka mmoja

Mwezi Oktoba mwaka 2011 Serikali ya India ilizindua Aakash, kishikwambi cha wanafunzi kilichosifiwa kwa urahisi wa bei. Lakini prosesa yake ilikuwa dhaifu, kumbukumbu ya kazi ilikuwa megabaiti 256 tu, na betri yake ilikuwa ndogo. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka uliofuata likatolewa toleo jipya lenye nguvu zaidi. Bei ndogo ilikuwa ya kweli. Manufaa ndiyo yaliyopungua.

Kipimo bora ni kuigawa bei kwa miaka ya kazi. Uchukuliwe mfano huu, ambao ni wa hesabu tu na si bei za soko. Kishikwambi A kinauzwa shilingi 200,000 na kinatarajiwa kufaa kwa mwaka 1. Kishikwambi B ni shilingi 420,000 na kitafaa kwa miaka 4. Kishikwambi C kimetumika, kinauzwa shilingi 250,000, na kimebakiwa na miaka 2. Kwa mwaka, A ni shilingi 200,000, B ni 105,000, na C ni 125,000. Kilichoonekana rahisi ndicho ghali kuliko vyote. Rahisi ina gharama, walisema wahenga.

Hata hivyo, bei kubwa peke yake haithibitishi umri mrefu. Dalili za umri ni dhamana iliyoandikwa, kupatikana kwa fundi na vipuri mjini Musoma au Mwanza, na miaka ambayo kiwanda kimeahidi kuendelea kuleta maboresho ya usalama ya programu endeshi. Kifaa kilichokwisha kuachwa na kiwanda chake hukataa programu mpya hata kama kioo chake kinang'aa.

Kabla ya kulipa

Kishikwambi kinachotumia laini ya simu kina namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Huonekana kwa kubonyeza *#06# au katika mipangilio, na haina budi kulingana na ile ya kwenye boksi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15090 ya kutumia ujumbe ili kuithibitisha. Si jambo la mzaha: mwezi Juni mwaka 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote.

Kwa chombo kilichotumika, muuzaji aondoe akaunti yake na kukirudisha katika hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi. Kikiwaka na kudai neno la siri la mwenyewe wa kwanza, kimefungwa, na huenda ni cha wizi. Kadhalika, kifaa kilichotolewa kwa kazi ya umma si bidhaa ya mtaani. Mwisho, risiti ya kielektroniki idaiwe na itunzwe, kwa kuwa bila hiyo dhamana ni maneno matupu.

Walimu wa hisabati na fizikia wanaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasa. Wanafunzi wakusanye bei na namba za vishikwambi vitatu vinavyouzwa madukani, wakokotoe wati-saa za kila betri, hifadhi itakayobaki, na gharama ya kila mwaka, kisha wateue kimoja na kutoa sababu. Mzazi anayekwenda sokoni akiwa na hesabu hiyo mkononi hatakuwa tena mtu wa kuambiwa na muuzaji kipi kinamfaa.