Achari ya Embe: Kazi Huanzia Kwenye Chupa

Msimu wa maembe ukiingia Lamu, msomaji, huna haja ya kutazama kalenda. Mashua kutoka Mokowe huteremsha vikapu gatini tangu alfajiri, maembe ya Hindi, ya Mpeketoni na ya Witu, na punda huyapandisha vichochoroni hadi Langoni na Mkomani. Wiki mbili za mwanzo bei hushikika. Baada ya hapo huanguka hata mwenye shamba akaona nauli ya mashua ni ghali kuliko shehena yake, na maembe yakabaki yakioza chini ya miembe. Hapo ndipo akina mama wanapokamata visu, wakachagua yale mabichi, magumu, ambayo kokwa lake bado halijakomaa, na nyumba nzima ikanuka hardali na uwatu.

Ya viungo siyasemi sana. Kila nyumba ina mkono wake, na mwanamume atakayejitia kuwafundisha wanawake wa Amu kipimo cha bizari atakuwa amekosa haya. Mimi nataka kuzungumza juu ya chupa. Nina sababu, nayo si ya kujivunia.

Achari kwetu si jambo la jana. Ibn Battuta wa Tanja alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli, na pembeni mwake ndimu za achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Akawaeleza watu wa kwao, ambao hawakulijua tunda hilo, kwamba likiiva ni tamu mno, na likiwa bichi ni kali mfano wa ndimu, na wenyeji hulitia siki. (Pilipili yake hiyo si hii yetu nyekundu ya kuwasha, ambayo asili yake ni bara la Amerika na haikutufikia kabla ya Wareno.) Baadaye katika safari zake za mashariki anasimulia kwamba alipewa zawadi ya martabani nne, yaani yale makasiki makubwa yaliyochukua jina la bandari ya Martaban huko Burma, zimejaa tangawizi, pilipili, ndimu na maembe, vyote vimekolezwa chumvi kwa ajili ya safari ya bahari. Kumbe achari ilikuwa masurufu ya mabaharia kabla ya kuwa pambo la sinia la pilau.

Angalia basi kwamba chombo kilikuwa na jina lake, na jina hilo likasafiri. Kisiwani Manda, na Shanga katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi Neville Chittick na Mark Horton walifukua vigae vya mitungi mikubwa kutoka Ghuba ya Uajemi, yenye mng'aro wa kijani na buluu, ya tangu karne ya 9. Mng'aro ule haukuwa urembo peke yake. Udongo mtupu hunywa siki na chumvi, ukatoka jasho, ukavuja. Chombo kilichong'arishwa hakinywi.

Bibi yangu alikuwa na kasiki la namna hiyo, la kahawia, lenye ufa mmoja shingoni uliozibwa kwa lami. Kabla ya kulitia achari alilisuuza kwa maji ya moto, akalipindua darini juani siku tatu, akalifukiza ubani, na hata hapo aliingiza mkono mkavu ndani na kuupapasa kwenye shavu lake. Tukimharakisha alikuwa akisema, “Mai ndiyo adui wa achari.” Tukimcheka. Tulidhani ni mambo ya kizee.

Kasiki lilivunjika, bibi akafariki, na sisi tukahamia kwenye chupa za kioo. Desturi za kasiki hatukuhama nazo.

Mwaka 2019 dada yangu, ambaye ni mjane, alikusudia kutengeneza chupa sitini za achari awauzie wageni wa Maulidi. Alikuwa na shilingi elfu kumi na mbili alizoweka kidogo kidogo kwa kushona kofia. Zote alizitia humo. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kuleta chupa. Nikazipata bure katika hoteli moja ufuoni, zilizokuwa za jamu na za kahawa, nikaziosha kwa maji ya kisima na sabuni, nikazifunga vifuniko vyake vya zamani zikiwa bado na unyevu, ili vumbi lisiingie. Nikamkabidhi huku nikijiona nimefanya kazi ya watu kumi.

Wiki ya tatu vifuniko vikaanza kuvimba. Chupa moja ikafyatuka usiku, tukadhani ni paka. Tulipozifungua, nyingine zilikuwa na utando mweupe juu, nyingine povu, na nyingine kutu imeteremka kutoka kwenye kifuniko ikachora mstari mwekundu ndani ya achari. Arobaini na moja tulizimwaga. Dada hakunifokea. Alichukua chupa moja tupu niliyokuwa sijampa bado, akaipindua, tone likaanguka kwenye kiganja chake, akaniambia, “Kaka, hii ni tupa au ni kisima?”

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyojifunza.

Chupa huchaguliwa kwa kidole. Pitisha kidole mdomoni pa chupa pole pole. Ikiwa kuna pengo hata la ukucha, chupa hiyo ni ya kutilia karafuu, si achari, kwani kifuniko hakitakamata. Kifuniko nacho kiwe kipya. Kile cha bati chenye utepe laini wa mpira ndani hufunga vizuri mara moja. Mara ya pili ni bahati nasibu. Siki na chumvi hula bati lolote lililochubuka, na ile kutu niliyoiona si rangi tu, ni tundu linalofunguka. Vifuniko vipya huuzwa Mombasa na Nairobi, na ukiagiza vya nyumba tano pamoja gharama si kubwa.

Chupa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe hata isibaki harufu. Kisha itandikwe kitambaa chini ya sufuria kubwa, chupa zipangwe juu yake bila kugusana, zitiwe maji zikiwa zote baridi, ndipo moto uwashwe. Wengi hutumbukiza chupa baridi katika maji yanayochemka ikapasuka, wakalaumu kioo. Kioo hakipendi kushtuliwa. Zikishachemka ziache humo humo katika maji ya moto mpaka achari iwe tayari, kwa sababu achari ya moto hutiwa katika chupa ya moto. Itoe moja moja, imwage maji yote, ijaze, ubakishe nafasi ya upana wa kidole juu. Pitisha kijiti safi pembeni kutoa mapovu ya hewa. Futa mdomo kwa kitambaa safi, maana chembe moja ya hardali hapo yatosha kuharibu kazi yote. Funga.

Watu wengi huishia hapo. Chupa zilizofungwa zirudishwe katika sufuria, maji yazipite juu kwa inchi moja, na tangu yanapochemka kweli kweli hesabu dakika kumi kwa chupa za nusu lita. Sisi watu wa pwani tuna neema ambayo hatuijui: maji yetu huchemka kwa nyuzi 100. Ndugu zetu wa Nairobi, kwa kuwa wako juu ya mlima, yao huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na wanapaswa kuongeza dakika tano. Chupa ikipoa, kifuniko hunywea katikati. Kibonyeze, kikipiga ta, haikufunga, na achari hiyo iwekwe kwenye friji iliwe mapema.

Hekima hii iliandikwa na Mfaransa Nicolas Appert, aliyepewa faranga 12,000 na serikali yake na kuchapisha kitabu mwaka 1810. Hakujua ni kwa nini chakula hakiozi. Sababu ilijulikana miaka mingi baadaye, kwa kazi ya Louis Pasteur.

Sasa siki. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisifu kuwa ni kitoweo chema, kama alivyopokea Muslim kwa njia ya Jabir. Lakini pwani hutengenezwa pia siki ya tembo la mnazi, na hapo pana suala. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ulevi ukigeuka siki wenyewe ni tohara, hata ukihamishwa kutoka juani hadi kivulini. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake, hautohariki. Basi muulize muuzaji alifanyaje. Na kwa usalama wa chupa, siki isipungue ukali wa asilimia 5, wala usiiongeze maji ili itoshe. Dada alifanya hivyo mwaka ule kwa kuhofia gharama, jambo ambalo aliniambia mwaka mzima baadaye, akinipunguzia mzigo.

Ukali huo ndio ngome. Yuko kijidudu aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, na hupenda mahali pasipo hewa, yaani ndani ya chupa iliyofungwa vyema. Sumu yake hupoozesha mwili na huweza kuua, na mara nyingine hutaiona wala kuinusa. Hawezi kuota penye ukali wa pH 4.6 kwenda chini, ndiyo maana embe bichi lenye siki ni amani. Samaki si amani. Nimesikia vijana wakisema watie changu na pweza katika chupa za nyumbani wauzie mahoteli. Huo ni moto wa nyuzi 121, wa mtambo wa presha, si wa sufuria. Samaki wetu tuendelee kumpa chumvi na jua. Vile vile thomu iliyotiwa katika mafuta matupu bila siki na kuwekwa kabatini, jambo ninaloliona katika nyumba nyingi, ni hatari ile ile.

Dada alianza tena kwa chupa kumi na mbili, kwa mkopo wa chama cha wanawake wa mtaani. Zote zilifunga. Msimu huu amefika themanini, na anatafuta alama ya Shirika la Viwango ili maduka ya Mombasa yampokee. Mimi nimeruhusiwa kubeba vikapu kutoka gatini, na kuandika tarehe kwenye karatasi za chupa, kwa kuwa hati yangu ni nzuri. Chupa zenyewe haniachii. Huzikausha mwenyewe darini, mdomo chini, na kabla ya kuzijaza huzipitisha moja moja shavuni.