Hesabu za Sitini: Urithi wa Babeli

Wasumeri, watu waliokaa kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki, kati ya mito Hidekeli na Frati, walianza kuandika kwa sababu walikuwa na mali ya kuhesabu. Vibao vya udongo vya mji wa Uruk, vilivyoandikwa kuanzia mwaka 3200 KK hivi, vingi ni kumbukumbu za ghala: shayiri iliyopokelewa, kondoo, bia, posho za vibarua.

Karani wa Uruk alihesabu kila kitu kwa utaratibu wake. Alama ya duara dogo ilisimama badala ya vipande 10 alipohesabu kondoo, vipimo 6 alipopima shayiri, na 18 alipoandika ukubwa wa shamba. Asiyejua kinachohesabiwa hakuweza kuisoma namba. Kwa karani huyo namba na kitu vilikuwa bado havijatengana, na kuja kuvitenganisha ni moja ya hatua kubwa kabisa katika historia ya fikra za binadamu.

Utaratibu ulioshinda ni ule wa kondoo, uliokwenda kwa mafungu ya 60. Mizani nayo ikaufuata: uzito wa punje 180 za shayiri ulifanya shekeli moja, shekeli 60 zikafanya mina, na mina 60 zikafanya talanta. Majina haya wasomaji wa Biblia wanayafahamu. Kwa vipimo vya leo, shekeli ilikuwa na gramu 8 na kidogo, mina karibu nusu kilo, na talanta kilo 30 hivi.

Faida ya 60 ilionekana wakati wa kugawana. Namba 10 hugawanyika kwa 2 na 5 tu, lakini 60 hugawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Ndugu watatu waliorithi mina moja ya fedha walipata shekeli 20 kila mmoja; wakiwa wanne, 15; wakiwa watano, 12. Wakiwa saba ndipo kazi ilipokuwa ngumu, na kwa kweli majedwali ya kugawanya ya wanafunzi wa Babeli, mji uliorithi elimu ya Wasumeri, kwa kawaida huiruka 7.

Karibu na mwaka 2000 KK makarani walipata njia ya kuandika namba yoyote kwa alama mbili tu, zilizobonyezwa kwa ncha ya tete kwenye udongo mbichi: msumari uliosimama kwa 1, na pembe kwa 10. Thamani ya alama ilitokana na nafasi yake. Msumari mmoja, kisha pembe moja na misumari mitano, ni 60 na 15, yaani 75. Kasoro ilikuwa kukosekana kwa sifuri. Msumari ulioandikwa peke yake ungeweza kuwa 1, 60, 3,600 au hata sehemu moja ya 60, na msomaji alitegemea maelezo ya hesabu yenyewe. Alama ya kushikilia nafasi tupu ilizoeleka baadaye sana, kwenye karne za mwisho kabla ya Kristo.

Uwezo wa njia hiyo unaonekana kwenye kibao kimoja kinachohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Ni kidogo, cha kutosha kiganjani, na inaelekea ni kazi ya mwanafunzi. Kimechorwa mraba na milalo yake miwili. Ubavuni pameandikwa 30; juu ya ulalo pana tarakimu 1, 24, 51, 10. Ukizisoma kama 1, sehemu 24 za 60, sehemu 51 za 3,600 na sehemu 10 za 216,000, unapata 1.414213, yaani kipeuo cha pili cha 2, kwa kosa lisilofika sehemu moja ya milioni. Chini yake pana urefu wa ulalo wenyewe: 42, 25, 35. Hesabu hiyo ina umri wa miaka 3,600 au zaidi.

Wanajimu wa Kiyunani waliichukua njia ya Babeli. Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya 2 BK, aliligawa duara katika nyuzi 360, na kila nyuzi katika sehemu 60, na hizo tena kwa 60. Wataalamu wa ulimwengu wa Kiislamu wakaiendeleza; mwaka 1424 al-Kashi, huko Samarkand, aliitumia kukokotoa uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake kwa usahihi ambao haukuwahi kufikiwa kabla yake. Kwa njia hiyo hiyo saa ikapata dakika 60, na dakika sekunde 60.

Wanamapinduzi wa Ufaransa walijaribu kuiondoa. Mwaka 1793 waliamuru siku iwe na saa 10, kila saa dakika 100. Watu hawakuzizoea, na Aprili 1795 amri hiyo ilisimamishwa, na sheria iliyoisimamisha ndiyo hiyo hiyo iliyoweka mita na gramu.