Noah Iliyotumika: Jua Inakula Pesa Ngapi Kabla Haijamaliza Akiba Yako

Anko wangu alinipigia simu jioni moja akiwa amekwama kwenye mlima, abiria wote wameshuka na wamesimama kando ya barabara. "Mami, injini inanguruma lakini gari haisongi," akaniambia.

Anko ana Toyota Noah ya 2010, viti saba, inayobeba abiria kati ya Nakuru na Nyahururu. Mimi si fundi, kazi yangu ni mambo ya malipo ya simu. Lakini siku hiyo nilijifunza kwamba meseji za malipo zinaweza kukuambia gari lako linaumwa wapi.

Oili ya bei rahisi

Fundi wa pili aliyeitwa alisema gia boksi imekufa. Akauliza, "Mara ya mwisho mliweka oili gani?" Anko hakukumbuka. Tukaitisha stetimenti ya miezi sita kwenye simu yake, tukaanza kupekua. Miezi minne nyuma, kulikuwa na malipo ya Sh1,800 kwa fundi wake wa kila siku. Hiyo ndiyo siku oili ya gia ilibadilishwa.

Fundi wa pili akacheka kidogo. Lita nne za oili halisi ya CVT alikuwa anaziuza Sh6,800. Kwa Sh1,800, gari lilikuwa limewekewa oili ya gia boksi ya kawaida.

Sasa tupige hesabu. Gia boksi ya ex-Japan ilikuwa Sh85,000, oili Sh6,800. Kazi ilikuwa Sh12,000, lakini fundi wa kwanza alipoonyeshwa ile stetimenti alikubali kosa, akalipia kazi yeye mwenyewe. Anko akabaki na Sh91,800. Ongeza siku tisa gari likiwa gereji, na kila siku huwa anabaki na kama Sh3,000 baada ya mafuta na gharama. Hiyo ni Sh27,000 nyingine. Jumla Sh118,800, kwa sababu ya kuokoa Sh5,000. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa chama, na bado anaulipa.

Magonjwa manne ya kuangalia

Kwa sheria ya Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8. Kwa hivyo Noah, Voxy au Nissan Serena ya 2010 inayouzwa leo imeshakula mashimo yetu kwa miaka mingi. Kabla hujalipa, angalia haya:

1. Gia boksi ya CVT. Haina gia za kawaida, inatumia mkanda wa chuma na puli mbili. Oili isiyofaa hufanya mkanda uteleze na kujikwaruza. Toyota ina oili zake za CVT, kama TC na FE. Nissan ina NS-2 na NS-3. Soma kitabu cha gari ujue yako ni gani. Ukiweka D na gari lichelewe kushika, litetemeke likianza kuondoka, au lilie sana bila kuongeza mwendo, usinunue kabla fundi wako hajalipima.

2. Joto la injini. Mafundi wengine hutoa thamostati gari likipata joto, halafu wanajaza maji ya mfereji. Hapo umeficha ugonjwa, hujautibu. Maji matupu hushika kutu ndani ya redieta na injini. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha redieta. Ukiona maji ya rangi ya kutu au yenye mafuta mafuta, punguza bei au ondoka. Anko alilipa Sh2,000 kwa thamostati na Sh11,000 kwa redieta mpya. Hedi ya injini ikipinda kwa joto, bei hiyo utaitamani.

3. Moshi na uchafu. Noah za 2001 hadi 2007 nyingi zina injini ya D-4, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haioshi valvu za kuingiza hewa, kwa hivyo masizi hujazana. Dalili ni gari kutetemeka likisimama na kula mafuta kupita kawaida. Kusafisha mapema ni nafuu kuliko kufungua injini.

4. Chini ya gari. Ukisikia ko-ko-ko ukipita kwenye matuta, anza na linki na bushi. Anko alibadilisha linki mbili za mbele kwa Sh4,000. Ukipuuza, tairi huanza kulika upande mmoja, na tairi si bei ya linki.

Bei hizi ni zile alizolipa yeye. Zako zitategemea mji, duka, na kama spea ni mpya au ex-Japan. Uliza maduka matatu kabla ya kulipa.

Fungua mfuko wa gari

Sasa kila jioni, kabla hajatuma pesa ya nyumbani, anko anaweka Sh200 kwenye akaunti ya akiba ya simu aliyoipa jina "Noah". Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni Sh5,200 kwa mwezi. Miezi mitatu ni Sh15,600, inatosha oili halisi ya CVT na linki, na chenji inabaki. Kama gari lako ni la nyumbani tu, hata Sh100 kwa siku ni mwanzo.

Ukilipa fundi au duka la spea

- Lipa kwa simu, si kwa mkono. Pesa ya mkononi haiachi alama.
- Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Kama si la duka au la fundi wako, simama kwanza uulize.
- Usitume diposti kwa mtu aliyekutumia picha ya gia boksi tu. Mtume fundi wako akaione.
- Meseji inaonyesha kiasi, siku na aliyelipwa, lakini haisemi ulinunua nini. Itisha risiti iliyoandikwa jina la spea au oili, na uipige picha.
- Kila miezi mitatu, itisha stetimenti na ujumlishe malipo ya gari. Ukiona unamlipa fundi yuleyule Sh500 kila wiki kwa shida ileile, hiyo shida haijatibiwa.

Anko amerudi barabarani. Juzi alinitumia picha ya mkebe wa oili, na risiti imewekwa juu yake. Hakuandika kitu kingine.

Wewe je, gari lako limekula ngapi tangu mwaka uanze? Itisha stetimenti leo uhesabu.