Kiwanja Kimoja, Hati Mbili

Viwanja vya ujazo wa chini vya Dar es Salaam, yaani viwanja vipana vilivyopimwa ili eneo libebe nyumba chache, vimekuwa kivutio kwa wamiliki wanaotafuta kipato, kwa kuwa nyuma ya nyumba ya familia hubaki uwanja mtupu unaoweza kubeba nyumba ya pili ya kupangisha. Wazo hilo halikukubalika siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa TANU na Serikali kumiliki nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 sheria ikaruhusu kutwaliwa kwa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote. Leo kodi ya nyumba ni tegemeo halali la wastaafu wengi.

Kosa linalowagharimu wamiliki ni kutanguliza matofali. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake, hivyo mwenye kiwanja hupewa hakimiliki, ambayo ni haki ya kukitumia kwa muda usiozidi miaka 99 na kwa masharti yaliyoandikwa katika hati. Nyumba mbili zilizojengwa ndani ya hati moja ni mali moja mbele ya sheria: ya nyuma haiuziki peke yake, wala haiwekwi rehani benki huku ya mbele ikibaki salama, na mirathi inapofunguliwa, warithi hugombania kitu wanachokiona ni viwili ilhali hati inakitaja kuwa kimoja.

Ugawaji halali huanzia halmashauri, ambako mchoro wa mipango miji hurekebishwa ili kuonyesha viwanja viwili, kila kimoja kikiwa na njia yake ya kuingilia. Mchoro ukishaidhinishwa, mpima ardhi aliyesajiliwa huweka alama za mipaka na kuandaa ramani ya upimaji, kisha hati ya zamani hurejeshwa ili mbili mpya zitolewe. Madeni ya pango la ardhi hulipwa kwanza. Kama nyumba ni ya familia na mmiliki anakusudia kuuza sehemu yake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai ridhaa ya mwenzi, na sharti hilo ni la haki kabisa.

Jambo linalosahaulika mno, na ambalo lingestahili kutangulia hesabu ya kodi, ni majitaka. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka, hivyo kila nyumba huhitaji shimo lake, na kiwanja kinapokatwa vipande viwili, mashimo husogelea misingi, kuta za jirani na visima. Katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu, mvua za masika hujaza mashimo mapema na uchafu ukapanda juu. Gari la kunyonya majitaka nalo linahitaji nafasi ya kupita hadi nyumba ya nyuma.

Kwa mmiliki anayetaka kupangisha tu, bila nia ya kuuza wala kuwagawia watoto, kibali cha ujenzi wa jengo la pili chini ya hati ileile, pale masharti yake yanaporuhusu, kinatosha, na gharama ya upimaji mpya inaweza kuelekezwa kwenye shimo bora na njia pana.