Nyumba Njema Si Mlango: Tujifunze Kupamba Vitambaa na Kuta kwa Mikono Yetu

Bismillahi Rahmani Rahim

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kila mwaka Idi inapokaribia huwaona wanafunzi wetu wakihesabu siku. Lakini tumekuja kugundua kwamba wapo wanaozihesabu kwa hofu. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la Juzuu Amma aliwaambia wenzake wasipite kwao kutoa mkono wa Idi, eti watakuwa safarini. Tulipomuuliza faraghani akainamisha kichwa, akasema, "Ustadhi, hatusafiri. Ukuta wetu umebabuka, na pazia letu ni gunia."

Mama yake tulipomtembelea alitueleza kuwa amekwisha ongea na mwenye duka amkopeshe mapazia na picha mbili za ukutani, alipe kidogo kidogo mpaka mfungo wa mwakani. Tulimwomba asubiri wiki moja. Makala hii ni maelezo ya yale tuliyoyafanya katika wiki ile, ili kila nyumba iweze kuyafanya bila ya deni.

MIPAKA YA MAPAMBO

Uislamu haukukataza uzuri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Imam Muslim, kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Na katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kujipamba tunapokwenda kufanya ibada, na papo hapo tukakatazwa kufanya israfu. Kwa hiyo pambo lina ruhusa, na ruhusa hiyo ina kipimo. Mambo matatu tuyazingatie kabla hatujashika rangi:

Kwanza, tusichore viumbe wenye roho. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha na Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo. Kitambaa kile kikakatwa, kikafanywa mito. Tuone hapa mafunzo mawili: picha imeondolewa, na kitambaa hakikutupwa.

Pili, ukuta tunaouelekea katika swala tuuache mtupu. Mtume (S.A.W.) alipata kuswali na nguo yenye nakshi, zikamshughulisha, akaamuru irudishwe kwa aliyempa na aletewe nguo isiyo na nakshi. Ikiwa yeye alichukua hadhari hiyo, sisi tuna haja kubwa zaidi.

Tatu, tusiandike aya wala majina ya Allah kwenye foronya, mito au kitambaa cha meza. Vitu hivyo hukaliwa, humwagikiwa na mchuzi, na hufuliwa kwenye beseni moja na soksi.

Mtu atauliza, "Sasa kimebaki nini?" Kimebaki kingi. Wazee wetu wa pwani walipamba kwa majani, maua, duara na nyota. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107, yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vilivyozungushiwa nakshi za chokaa. Humo hamna sura ya mtu wala mnyama, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuzitazama.

NAKSHI MOJA INATOSHA

Tumechagua nakshi moja tu, nyota ya pembe nane, kwa sababu hata mtoto wa miaka minane anaweza kuitengeneza. Siri yake ni mraba mmoja unaochorwa mara mbili.

Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10 kutoka kwenye boksi gumu. Uweke juu ya karatasi, uzungushie penseli. Kisha uzungushe mraba huo palepale, bila ya kuhamisha kitovu chake, mpaka pembe zake zielekee katikati ya pande za mraba wa kwanza. Zungushia penseli tena. Nyota imepatikana. Kutoka ncha moja mpaka ncha inayoielekea utapata kama sentimita 14. Kipimo hicho kikumbuke, tutakihitaji ukutani.

Na mpangilio tuuchukue kutoka kwenye kanga za mama zetu. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina. Sisi tunachukua pindo na mji, jina tunaliacha. Anza na pindo kila mara. Kitambaa chenye pindo lililonyooka hupendeza hata kama mji wake hauna kitu, lakini kitambaa kilichojazwa mji bila ya pindo huonekana kama kimechafuka.

KWANZA: MUHURI WA KIAZI KWENYE KITAMBAA

Mahitaji: kitambaa cha pamba kama marekani au bafta, kiazi mbatata kikubwa, rangi ya kitambaa, kipande cha sponji, kisahani, gazeti na pasi.

1. Fua kitambaa kwa sabuni, kianike na ukipige pasi. Kitambaa kipya hutoka kiwandani na wanga, nao huzuia rangi isishike.

2. Mkubwa akikate kiazi katikati kwa kisu kikali, kwa pigo moja ili uso wake uwe sawa. Auchonge uso huo uwe mraba wa sentimita 3. Ukaushe kwa kitambaa, kwani maji ya kiazi hufanya rangi itapakae.

3. Tandika gazeti chini ya kitambaa. Weka rangi kidogo kwenye kisahani, ichukue kwa sponji, upake kwenye uso wa kiazi. Usichovye kiazi ndani ya rangi.

4. Jaribu kwanza kwenye tambara. Gandamiza, hesabu mpaka tatu, inua wima. Kisha geuza kiazi kama tulivyogeuza mraba wa boksi, ugandamize palepale. Muhuri mmoja umetoa nyota.

5. Piga pindo lote kwanza, kisha mji ukipenda. Acha kitambaa kikauke siku nzima.

6. Kigeuze ndani nje, ukipige pasi kavu yenye moto unaofaa pamba kwa dakika chache, ukiisogeza pasi wakati wote. Joto ndilo linaloshikisha rangi nyingi za kitambaa, lakini soma maelezo ya kopo lako. Usifue mpaka zipite siku kadhaa, na ukifua tumia maji baridi.

Rangi ya ukutani usiitumie kwenye kitambaa. Hukikaza kama turubai na baada ya kufuliwa mara chache huanza kupasuka.

PILI: KUDARIZI FORONYA

Asiye na rangi ana sindano. Wanaovaa kofia za mkono wanajua kuwa kazi yote ile ni sindano, uzi na subira.

Chora nyota kwa penseli hafifu kwenye kona ya foronya. Tumia nyuzi za rangi mbili tu. Mraba wa kwanza ushone kwa mshono wa kurudi nyuma: toboa mbele, rudi nyuma hatua moja, ukatokee mbele hatua mbili. Mstari utatoka bila ya nafasi. Mraba wa pili ushone kwa mshono wa mnyororo, ambao kila kitanzi hushikwa na kinachofuata. Usivute uzi kwa nguvu, kitambaa kitajikunja. Uzi usizidi urefu wa mkono, ukizidi hujifunga mafundo.

Wavulana, kazi hii ni yenu pia. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.).

TATU: PINDO LA UKUTANI

Mahitaji: rangi ya maji ya ukutani (hata nusu kopo iliyobaki kwa jirani), boksi, mshumaa, sponji, uzi, penseli, futi na brashi ngumu.

Ukuta uandaliwe kwanza. Kwangua rangi iliyobabuka, piga brashi, futa vumbi kwa tambara bichi, uache ukauke. Ukiona unga mweupe wa chumvi unarudi kila baada ya kufuta, jua ukuta unanyonya maji. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi, vinginevyo rangi yoyote utakayoipaka itaanguka.

Kisha tengeneza kigezo. Chora nyota katikati ya boksi, usugue mshumaa pande zote mbili ili boksi lisinywe rangi, na mkubwa aikate nyota kwa wembe iwe tundu. Weka kigezo ukutani, kishike kisicheze, ugusishe sponji yenye rangi kidogo sana. Gusa, usisugue. Rangi ikizidi hupita chini ya kigezo na kuharibu ncha.

Sasa hesabu. Chukulia ukuta wa mita 3, yaani sentimita 300. Ukiweka vitovu vya nyota kila baada ya sentimita 20, zitaingia nyota 15. Anza na nyota ya katikati ya ukuta, kisha 7 kulia na 7 kushoto. Kila mwisho patabaki sentimita 3 kabla ya kona. Mtu akianzia kwenye kona, mwishoni hubakiwa na nusu ya nyota.

Hapa tukiri kosa letu. Katika nyumba ile ya mwanafunzi wetu tulikwenda walimu wawili na wanafunzi saba. Tulipima urefu kutoka sakafuni kila mahali, tukaona tumefanya kitaalamu. Nyota ya mwisho ilipokauka, mama wa nyumba akasimama mlangoni, akatazama, akasema kwa upole, "Ustadhi, mbona nyota zinateremka mtoni?" Sakafu ilikuwa imelala upande, na pindo letu limelala nayo. Tulilifuta lote kwa rangi nyeupe na kuanza upya kesho yake.

Safari ya pili tulifanya kama mafundi wa ujenzi. Tulichukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, tukaujaza maji bila ya kuacha mapovu, tukashika ncha moja upande huu wa ukuta na nyingine upande ule. Maji yakitulia husimama usawa mmoja katika ncha zote mbili. Tukatia alama, tukavuta uzi kutoka alama hadi alama, na nyota zikafuata uzi. Tuliwaambia wanafunzi kuwa kipimo kikitegemea kitu kilichopinda, kazi yote hupinda, hata wenye kuifanya wakiwa na nia njema.

TAHADHARI

- Wembe, kisu na pasi ni kazi ya mkubwa. Mtoto agandamize kiazi, agusishe sponji.
- Rangi kuukuu inayobabuka huenda ikawa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Lowesha ukuta kabla ya kukwangua, watoto wawe nje, na mabaki yakusanywe yatupwe yote.
- Chokaa huunguza macho. Anayeipaka avae miwani au awe mbali na matone, na ikimwingia aoshe kwa maji mengi mara moja na apelekwe hospitali.
- Fungua madirisha mpaka rangi ikauke.
- Batiki ya nta na magadi makali hatukuiweka humu kwa makusudi. Ni kazi nzuri, lakini ifanywe na fundi aliye tayari na vifaa vya kujikinga.
- Nyumba ikiwa ya kupanga, muombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuchora. Ukuta ni mali yake.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tulichotumia katika nyumba ile ni nusu kopo ya rangi ya bluu iliyobaki madrasani, boksi la sabuni, viazi viwili, kopo dogo la rangi ya kitambaa na mita chache za marekani kwa ajili ya pazia. Ukuta wa kibla ulibaki mweupe. Mama wa nyumba alikwenda dukani akamwambia mwenye duka kuwa mkopo hauhitaji tena. Kwa sababu hiyo, mwezi ule pesa zake zilinunua daftari na viatu.

Siku ya Idi tulipita pale baada ya swala. Mwanafunzi wetu alikuwa amesimama mlangoni kabla hatujabisha hodi. Wenzake walipoingia walimuuliza nani fundi wa nyota zile, naye akawaonyesha ya tatu kutoka kulia, yenye ncha moja nene kuliko nyingine. "Ile yangu," akasema. "Nilizidisha rangi."

Wazazi, tunawaomba likizo hii mpeni kila mtoto mraba mmoja wa boksi na kona moja ya kitambaa. Na wewe mwanafunzi, ukimjua mwenzako anayeona haya kukaribisha watu kwao, usimcheke wala usimtangaze. Chukua kiazi na uzi, umwambie mzazi wako, mwende mkamsaidie.

Tunamuomba Allah (S.W.) azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za utulivu, usafi na dhikri, na atuepushe na israfu na madeni. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.